Kujenga droni ya mikono minne inayojiendesha: kuanzia mizani ya jikoni hadi safari ya kwanza ya Auto

Droni inayoelezwa hapa ina fremu ya milimita 450 kutoka mota hadi mota kwa mshazari, propela nne za inchi 10 na betri ya seli tatu. Inapaa, inafuata njia uliyoichora kwenye kompyuta, inarudi na kutua bila kuguswa. Programu yake ni ArduPilot, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ukubwa huu unafaa kwa kuanzia: fremu ndogo zaidi inabana, dira inakosa nafasi ya kukaa mbali na nyaya za umeme, kubwa zaidi inakula pesa, na ikianguka inaumiza mtu.

Anayeanza kwa kawaida huhangaikia programu, huku fundo liko kwingine. Droni ikikataa kujiendesha, mara nyingi tatizo ni uzito uliozidi, mtetemo, au dira iliyopachikwa karibu na waya wa betri. Kompyuta ya droni huamua kwa kutegemea inachoambiwa na sensa zake. Sensa zikidanganywa na fremu inayotetemeka, hakuna parameta (thamani unayoipanga kwenye programu) itakayoziponya. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye bisibisi na risasi ya kulehemu kabla ya kufungua programu.

Kibali kwanza

Droni uliyoijenga mwenyewe ni chombo cha anga kama ile ya dukani. Kenya ina kanuni za KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) za mwaka 2020, na Tanzania suala hili liko chini ya mamlaka yake, TCAA. Ulizia usajili na kibali kabla hujaagiza chochote, kwani mzigo unaweza kukwama forodhani. Kikomo cha urefu kilichozoeleka ni futi 400 juu ya ardhi, yaani mita 120 hivi. Viwanja vya ndege, kambi za jeshi na mikusanyiko ya watu ni maeneo ya kukaa mbali nayo.

Hesabu ya uzito

Kabla ya kununua, andika uzito wa kila kitu kwenye karatasi. Kwa mfano wetu: fremu gramu 280, mota nne 220, ESC nne (vidhibiti vya mwendo wa mota) 100, propela 48, kompyuta ya droni 40, GPS na mlingoti wake 50, kipimo cha umeme 28, redio ya telemetria (inayotuma taarifa za droni kwenye kompyuta yako) 20, risiva (kipokezi cha rimoti) 15, miguu 60, nyaya, skrubu na mikanda 60. Jumla ni gramu 921. Ongeza betri ya gramu 400, unapata 1,321.

Mota za aina ya 2212 zenye KV 920 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti, bila mzigo), kwa betri ya seli tatu na propela za inchi 10 zenye mwinuko wa 4.5, husukuma takriban gramu 800 kila moja zikiwa kwenye nguvu zote. Nne ni gramu 3,200. Gawa kwa 1,321, unapata 2.4. Kanuni ya kazi hii ni kwamba msukumo wote uwe angalau mara mbili ya uzito, maana nusu inayobaki ndiyo inayopambana na upepo na kusawazisha droni inapoinama.

Hapo ndipo mahali unapoishi panapoingia. Dar es Salaam au Mombasa hewa ni nzito na hesabu inabaki ilivyo. Nairobi au Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, uzito wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15, na propela inayozunguka kwa kasi ileile inapoteza msukumo kwa kiasi hichohicho. Gramu 3,200 zinakuwa 2,720, na uwiano unashuka hadi 2.06. Bado inaruka vizuri, ila kamera ya gramu 200 uliyotaka kuiongeza haina nafasi tena. Wa pwani anaweza kuibeba, wa nyanda za juu apunguze kitu kingine kwanza.

Muda wa kukaa angani nao unapatikana kwenye karatasi hiyohiyo. Droni ya uzito huu ikielea hula ampea 16 hadi 17. Betri ya mAh 5,000 usiitumie zaidi ya asilimia 80, yaani ampea-saa 4. Gawa 4 kwa 17, zidisha kwa dakika 60: dakika 14. Panga safari zako kwa dakika 10.

Vifaa vya kuagiza

Nunua fremu ya F450 ambayo bamba lake la chini lina njia za shaba za kugawa umeme, kwa kuwa inakuokolea kifaa kimoja. ESC ziwe za ampea 30. Betri iwe LiPo ya seli tatu, mAh 5,000, alama ya 25C (uwezo wa kutoa umeme) au zaidi, yenye kiunganishi cha XT60. Kompyuta ya droni iwe ya jamii ya Pixhawk, pamoja na kipimo chake cha umeme, kitufe cha usalama na king'ora. GPS iwe ya M8N au mpya kuliko hiyo, yenye dira ndani yake na mlingoti wa kuinua.

Kwa redio ya telemetria chagua ya 433 MHz. Ile ya 915 MHz imetengenezwa kwa ajili ya bara la Amerika. Huku kwetu masafa hayo si ya matumizi huria. Rimoti iwe na chaneli zisizopungua nane. FlySky FS-i6X na risiva yake ya FS-iA6B zinatosha kabisa. Agiza propela jozi nne, si mbili. Zitavunjika.

Mezani uwe na pasi ya kulehemu ya wati 60, waya wa risasi wenye bati asilimia 60 au 63, multimita, bisibisi za pembesita, gundi ya buluu ya kushikia skrubu, mikanda ya plastiki, na balbu ya indiketa ya gari ya volti 12, wati 21. Balbu hiyo ina kazi yake hapa chini.

Kulehemu na kufunga fremu

Anza na bamba la chini likiwa peke yake mezani, mikono haijafungwa. Pakaza risasi kwenye kila pedi ya chanya na hasi, pakaza risasi kwenye ncha ya kila waya, kisha ziunganishe. Pedi za betri ni pana na zinanyonya joto. Pasi ya wati 30 itakupa kiungo kilichokaa juu juu kama tone la nta. Kiungo kizuri kinang'aa na risasi yake imetambaa kwenye waya. Kilichofifia na chenye chembechembe kitakatika angani, mota moja itazimika, na droni ya mikono minne haiwezi kukaa hewani kwa mota tatu.

Pima kwa multimita kati ya chanya na hasi. Ikilia mfululizo, una shoti. Isipolia, unganisha betri kwa mara ya kwanza kupitia ile balbu, ikiwa imekaa katikati ya waya wa chanya. Balbu ikimulika kidogo kisha ikazimika, mambo ni sawa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti mahali, na balbu imekuokolea ESC nne.

Funga mikono, kisha mota. Skrubu za mota ndizo zinazoharibu mradi kimyakimya: ikiwa ndefu mno inagusa nyaya za shaba ndani na kuunguza mota. Iingie milimita 3 hivi, halafu mulika tochi kwenye matundu uone kama haijagusa. Gundi ya buluu weka pale tu ambapo skrubu ya chuma inaingia kwenye chuma. Usiipake kwenye mikono ya plastiki, kwani aina nyingi za plastiki hupasuka zikiguswa nayo.

Mpangilio wa mota kwa fremu ya X ndani ya ArduPilot ni huu, ukiwa umesimama nyuma ya droni: namba 1 mbele kulia, namba 2 nyuma kushoto, namba 3 mbele kushoto, namba 4 nyuma kulia. Namba 1 na 2 zinazunguka kinyume cha saa, 3 na 4 zinafuata saa. Mota ikizunguka upande usio wake, badilisha nyaya zozote mbili kati ya tatu zinazotoka kwenye ESC.

Kompyuta ya droni ikae katikati, mshale wake ukielekea mbele, juu ya vipande vinne vya tepu ya povu kwenye pembe zake. Usitandaze tepu chini yake yote, na usiibane kwa mkanda wa plastiki. Mkanda unarudisha mtetemo ambao povu limeuzuia.

Sasa dira, na hapa usiwe na haraka. Waya wa betri unaopitisha ampea 17 unatengeneza sumaku yake, na sumaku hiyo inabadilika kila unapoongeza nguvu. Dira ikiwa karibu, kaskazini yake inahama droni ikiwa hewani. Inua GPS kwa mlingoti wa sentimita 12 hadi 15 juu ya bamba la juu, mshale wake ukilingana na wa kompyuta. Nyaya mbili za betri zisokote pamoja, kwa kuwa sumaku za waya wa kwenda na wa kurudi huuana zikikaribiana. Skrubu zilizo karibu na dira ziwe za plastiki au shaba nyeupe. Ukiziona zinanata kwenye sumaku, zitoe.

Mwisho, sawazisha propela. Ziweke kwenye msumari laini uliolala. Upande unaozama ni mzito. Bandika kipande cha seloteipu upande mwepesi hadi propela itulie ikiwa mlalo. Ukimaliza, ziweke kando. Propela hazifungwi mpaka kazi yote ya mezani iishe.

Kupakia programu na kupima sensa

Unganisha kompyuta ya droni kwa USB, fungua Mission Planner (programu ya kompyuta yako ya kuipanga droni), pakia ArduPilot Copter. Majina ya parameta yanayofuata ni ya toleo la 4.5, ukitumia jingine, hakikisha kwanza majina na vizio. Weka FRAME_CLASS kuwa 1 (mikono minne) na FRAME_TYPE kuwa 1 (umbo la X).

Usawazishaji wa sensa ya mwendo unataka mikao sita: tambarare, ubavu wa kushoto, wa kulia, pua chini, pua juu, mgongo chini. Tumia ukuta au kona ya meza iliyonyooka, na usitikise. Dira isawazishe nje, mbali na gari, mabati, nondo na simu iliyo mfukoni mwako. Sakafu ya zege ina nondo ndani yake, kwa hiyo kibarazani hapafai.

Rimoti ikishasomwa, fanya usawazishaji wa ESC. USB ichomolewe na propela ziwe hazijafungwa. Washa rimoti, kijiti cha nguvu juu kabisa, unganisha betri, subiri taa zizunguke rangi, chomoa betri bila kushusha kijiti, unganisha tena, bonyeza kitufe cha usalama hadi taa yake itulie. ESC zitalia, shusha kijiti chini kabisa, zitalia tena kwa mlio mrefu. Kisha fanya jaribio la mota moja moja kwenye Mission Planner. Kumbuka kwamba Mission Planner hutumia herufi zinazofuata mzunguko wa saa kuanzia mbele kulia: A ni mota 1, B ni 4, C ni 2, D ni 3. Wengi huchanganya hapa, na droni hupinduka chali sekunde ya kwanza. Mota inayotetemeka bila kuzunguka ina waya mmoja usioshika.

Pima volti za betri kwa multimita na uzilinganishe na zinazoonekana kwenye skrini. Zikitofautiana, rekebisha BATT_VOLT_MULT. Volti 0.5 ya uongo inatosha kuifanya droni itue porini au iue betri.

Kinga ya dharura

BATT_LOW_VOLT iwe 10.5 na BATT_FS_LOW_ACT iwe 2, ili droni irudi nyumbani. BATT_CRT_VOLT iwe 10.2 na BATT_FS_CRT_ACT iwe 1, itue hapohapo. FENCE_ENABLE (uzio usioonekana, kwa mita) iwe 1, FENCE_ALT_MAX 100, FENCE_RADIUS 200 kwa safari za mwanzo. RTL_ALT (urefu wa droni inaporudi nyumbani, yaani RTL) huandikwa kwa sentimita na huja ikiwa 1500, yaani mita 15. Kwenye shamba la minazi huo ni mtego, kwa sababu mnazi mrefu hufika mita 25 hadi 30. Weka 4000.

Kupotea kwa rimoti kunahitaji uangalifu zaidi. Risiva ya FS-iA6B isipopangwa hubaki ikituma amri ya mwisho iliyopokea, na kompyuta haitajua kwamba rimoti imezima. Fanya hivi: teremsha kikomo cha chini cha kijiti cha nguvu kwenye rimoti hadi skrini ionyeshe kama 920, hifadhi nafasi hiyo kama kinga ya risiva, kisha rudisha kikomo mahali pake ili kijiti kikiwa chini kabisa kisomeke kama 1000. FS_THR_ENABLE iwe 1 na FS_THR_VALUE iwe 975. Thamani hiyo lazima ikae katikati, mbali na pande zote mbili kwa angalau 10. Zima rimoti mezani; skrini ikitangaza dharura, umefaulu. Ikikaa kimya, usirushe.

Kwenye swichi ya modi weka AltHold (droni inashika urefu), Loiter (inashika urefu na mahali) na Auto (inafuata njia uliyochora). Swichi nyingine iwe ya RTL, RC7_OPTION ikiwa 4. Ya tatu, RC8_OPTION ikiwa 31, izime mota papo hapo. Itakusaidia droni ikiwa imelala kwenye majani huku propela bado zinazunguka. Hewani usiiguse.

Kuruka mara ya kwanza

Chagua uwanja wa nyasi usio na watu, saa 1 au saa 2 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Msimu wa kusi, pwani inakuwa ngumu kwa droni nyepesi kuanzia saa 4 na kuendelea. Simama mita 10 nyuma ya droni. Subiri taa iwe ya kijani na setilaiti zizidi 10, huku HDOP (kipimo cha usahihi wa GPS, ndogo ndiyo bora) ikiwa chini ya 1.4. Droni hukumbuka mahali pa "nyumbani" pale inapofungua mota (kuziruhusu zizunguke; kuzifunga ni kuzizuia), kwa hiyo usifungue chini ya mwembe wala pembeni ya jengo.

Safari ya kwanza badilisha nafasi ya Auto kwenye swichi iwe Stabilize (droni inajisawazisha tu, urefu unaushika wewe). Paa hadi mita 2, elea sekunde 20, tua. Gusa kila mota: usipoweza kushikilia kidole kwa sekunde 3, imepata joto kupita kiasi, na mara nyingi ni propela kubwa kuliko inavyostahili au mota iliyofungwa ikiwa imeinama. Rudia kwa AltHold, dakika mbili. Ukitua, soma MOT_THST_HOVER (sehemu ya nguvu inayotumika kuelea). Ikiwa kati ya 0.3 na 0.5, uzito wako uko sawa. Ikikaribia 0.6, rudi kwenye karatasi ya uzito.

Pakua faili la kumbukumbu za safari uangalie mtetemo. Namba za VIBE zikae chini ya 30, na bora chini ya 15. Hesabu za Clip (mara ambazo sensa imefika kikomo chake) zibaki sifuri. Zikizidi, usipande Loiter kabisa, kwani kompyuta inayosoma mtetemo kama mwendo inaweza kupandisha droni juu kama roketi bila wewe kuamuru. Kagua usawa wa propela, mkono uliolegea, na waya unaogusa kompyuta.

Loiter ndiyo mtihani wa dira. Droni ikielea sehemu moja, dira iko vizuri. Ikianza kuzunguka duara linalopanuka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, rudi AltHold mara moja na utue. Hilo ni kosa la dira karibu kila mara: mshale wa GPS haulingani, au nyaya za betri ziko karibu. Usiendelee kwenye Auto ukitumaini litajirekebisha. Kwenye Auto litaipeleka droni mbali zaidi.

Loiter ikishatulia, fanya Autotune siku isiyo na upepo, ukianzia AltHold, betri ikiwa imejaa. Droni itajitikisa huku na huku kwa dakika kadhaa ikitafuta mwitikio wake. Ikimaliza, tua na ufunge mota swichi ikiwa bado kwenye Autotune, la sivyo vipimo vipya havihifadhiwi. Betri ikiisha kabla ya kumaliza, chagua mhimili mmoja mmoja kupitia AUTOTUNE_AXES.

Safari ya Auto

Chora njia juu ya shamba la mita 100 kwa 100: urefu mita 30, mistari sita iliyoachana mita 20. Hiyo ni mita 600 za mistari na 100 za kugeuka, jumla 700. WPNAV_SPEED ikiwa 500, yaani mita 5 kwa sekunde, safari inachukua sekunde 140, na kona zikihesabiwa, dakika tatu hadi nne. Umebakiwa na nafasi kubwa ya betri kwa ajili ya upepo. Amri ya kwanza iwe Takeoff na ya mwisho RTL.

Mita 30 zinapimwa kutoka ulipoinukia, hazipimwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni wakati huo. Lushoto au kwenye miteremko ya Kilimanjaro, shamba likipanda mita 35 kabla ya mwisho wa mstari, droni itaingia mlimani ikiamini iko sawasawa. Anzia juu ya mteremko, au uwashe urefu unaofuata ardhi wakati wa kupanga njia.

Siku ya safari, rudisha Auto kwenye swichi. Fungua mota ukiwa Loiter, hamia Auto, kisha inua kijiti cha nguvu hadi katikati. Droni haitapaa mpaka uinue. Kidole kibaki kwenye swichi ya modi muda wote, na macho yabaki kwenye droni. Skrini aitazame mwenzako akusomee volti.

Ukirudi nyumbani usiache betri imejaa wala tupu. Ihifadhi kwenye volti 3.8 kwa kila seli, ichaji kwa ampea 5, juu ya vigae au ndani ya sufuria yenye mchanga, ukiwa macho. Iliyovimba usiichaji tena, hata kama bado inatoa volti.